Treni za kifahari za kulala: yanayosemwa na yalivyo

“Reli ni reli, treni ya Pretoria inaweza kuendelea mpaka Mwanza.”
Haiwezi. Rovos Rail, treni ya kifahari ya Afrika Kusini, hufika Dar es Salaam kwa sababu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kwa upana uleule wa reli za kusini mwa Afrika, milimita 1,067 kati ya chuma kimoja na kingine. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000, na SGR, reli mpya ya kisasa, ina 1,435. Tofauti ya milimita 67 ni kama upana wa vidole vinne, lakini inatosha kulizuia gurudumu. Pale Kidatu, TAZARA inapokutana na reli ya milimita 1,000, mzigo huhamishwa kutoka behewa moja kwenda jingine. Mzigo unahamishika, chumba chenye kitanda na bafu hakihamishiki. Ndiyo maana safari huishia stesheni ya TAZARA, Barabara ya Nyerere. Anayekwenda kupokea mgeni asimsubiri stesheni ya katikati ya mji.

“Ni mbadala wa ndege.”
Pretoria hadi Dar, kupitia Botswana, Zimbabwe na Zambia, ni takriban siku 15, na treni haizidi kilomita 60 kwa saa. Kinachouzwa hapo ni zile siku zenyewe. Mwenye haraka atajutia nauli.

“Kwa bei ile, kila chumba kina bafu.”
Rovos, ndiyo. Hata chumba cha mita za mraba 7 kina bafu lake, na kile cha mita 16 hula nusu ya behewa. Venice Simplon-Orient-Express, treni ya kifahari ya Ulaya, ni habari nyingine: inatumia mabehewa ya miaka ya 1920 na 1930, na vyumba vyake vya kawaida vina beseni la kunawia tu. Choo kiko mwisho wa behewa, bafu hakuna. Vyumba vyenye bafu vipo, ila ni vya daraja la juu zaidi na bei yake hupanda vilivyo. Uliza aina ya chumba kabla ya kulipa. Jina la treni halikuambii kitu.

“Utalala kama hotelini.”
Usiku wa kwanza wengi hawalali. Penye vipande vya reli vilivyoungwa kwa bolti, kila kiungo hugonga. Treni ikifunga breki au kichwa kikibadilishwa, mshtuko hupita behewa kwa behewa. Magurudumu yako karibu na ncha mbili za behewa, kwa hiyo omba chumba cha katikati. Beba vizibo vya masikio na begi dogo, kwani sanduku kubwa litakula nafasi ya kupita.

“Mwenye treni anavuna tu.”
Hapa ndipo hesabu huwaponyoka watu. Rovos hubeba abiria wasiozidi 72. Behewa moja la viti linaweza kuwabeba wote hao. Kifahari, wanahitaji mabehewa yapatayo 20, kwa sababu kuna ya chakula, jiko, mapumziko na wafanyakazi. Uzito wote huo unalipiwa njia na nguvu ya kuvuta. Njia yenyewe ni ya watu wengine: treni ya mizigo ikiharibika mbele, wageni wanasubiri, na siku ya ziada huongeza milo mitatu na maji ya kuoga, huku nauli ikibaki ileile. Na kitanda kilichoondoka kitupu Pretoria hakiuziki tena kesho yake, kama kingekuwa cha hoteli. Kitakaa hivyo mpaka Dar, labda apatikane wa kupanda njiani.

Ufaransa, Midnight Trains ilitangaza mwaka 2021 mpango wa “hoteli juu ya reli” kutoka Paris. Mwaka 2024 ilifunga mradi bila kuendesha treni hata moja. Wasafiri wenye hamu walikuwapo; mtaji wa kununulia mabehewa haukupatikana.

“Nauli imemaliza kila kitu.”
Chakula, vinywaji na matembezi ya kwenye ratiba kwa kawaida vimo. Viza za nchi unazopita, bima na tiketi ya ndege ya kurudi ni juu yako. Kagua kama unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, hasa ukiwa na mpango wa kurejea Afrika Kusini. Pakia pia nguo rasmi: chakula cha jioni hakiliwi kwa kaptura.