Udongo wa changarawe wa Gilgil na Elementaita: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitoka Mbaruk kuelekea Elementaita, kisha Gilgil na kuendelea hadi upande wa Naivasha, utapita mashamba ambayo jembe halishuki bila kugonga jiwe. Udongo wa juu ni mwembamba, wa kijivu au kahawia hafifu, umejaa changarawe. Chimba kidogo na unakutana na mwamba wa lava, au tabaka la mawe mepesi ya volkano. Si Kaunti yote ya Nakuru iliyo hivyo. Njoro na miteremko ya Mau ina udongo wenye kina kirefu, ambao umelisha watu ngano na mahindi kwa miaka mingi. Shida huanza mtu anaponunua eka mbili Gilgil huku akilini akiwa na shamba la Njoro.

"Mahindi yamekauka kwa sababu mvua imekuwa kidogo"

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu pesa nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Ni kweli sehemu hii ya Bonde la Ufa iko kwenye kivuli cha mvua, yaani kati ya milima ya Mau na Aberdare inayokinga mvua. Naivasha hupata takriban milimita 650 kwa mwaka. Lakini mara nyingi mvua iliyonyesha ingetosha, lau udongo ungekuwa na mahali pa kuiweka.

Tupige hesabu. Udongo mzuri wa tifutifu wenye kina cha mita moja huweza kushika karibu milimita 150 za maji ambayo mmea unaweza kuyanyonya, yaani lita 150 kwa kila mita moja ya mraba. Punguza kina hadi sentimita 30 juu ya mwamba: zinabaki lita 45. Kama nusu ya udongo huo ni changarawe ngumu isiyoshika maji, umebaki na lita 22 hivi. Mahindi yanapotoa maua, chini ya jua kali, hunywa karibu milimita 5 kwa siku. Siku ya nne au ya tano maji yamekwisha, wakati shamba lenye kina cha mita moja lililolowa vizuri kwa mvua ileile lina akiba ya karibu mwezi mzima.

Kwa hiyo kinachoua zao hapa si lazima uchache wa mvua ya msimu, bali mwanya wa siku kumi kati ya mvua moja na nyingine. Mbolea haiwezi kuziba mwanya huo. Kinachosaidia ni kupanda mimea michache kwa eka ili kila mmoja upate maji zaidi, kuchagua mazao yanayomaliza mapema au yanayovumilia ukame, kama ndengu, mtama na maharagwe ya muda mfupi, na kufunika ardhi kwa matandazo ili jua lisinywe maji kabla ya mizizi.

Nimesema changarawe ngumu kwa makusudi. Okota moja ya yale mawe mepesi yenye vitundu, ya jamii ya yale yanayouzwa sokoni ya kusugulia miguu, ulitie kwenye ndoo ya maji. Likiwa jepesi vya kutosha litaelea. Liache humo na utaona maji yakiingia polepole kwenye vitundu. Sehemu ya maji hayo mizizi midogo huweza kuyafikia. Ndiyo maana mashamba mawili yenye mawe kiasi kimoja yanaweza kutofautiana sana: moja lina lava nzito, lingine lina mawe mepesi. Kabla hujalaumu udongo, jua una mawe gani.

"Udongo wa mawe hauna rutuba"

Si kweli kwa udongo huu. Umetokana na majivu na mawe ya volkano kama Menengai, Eburru na Longonot, na kwa umri wa udongo bado haujazeeka. Madini yake hayajaoshwa na mvua za maelfu ya miaka, na kwa kawaida potasiamu si tatizo. Upungufu huwa kwenye nitrojeni, mara nyingi fosforasi, na mboji, kwa sababu mahali pakavu mimea ni haba na inayooza ni kidogo.

Hapa kuna mtego ambao wakulima wachache huambiwa. Sampuli ikifika maabara hupitishwa kwenye chekecheke ya milimita 2. Kila kinachobaki juu, yaani changarawe yote, kinatupwa, na kipimo ni cha ule udongo laini uliopita. Karatasi ikisema potasiamu ni ya kutosha, inasema kuhusu udongo laini pekee. Kama nusu ya shamba lako ni mawe, eka yako ina nusu tu ya kile ambacho karatasi inakufanya uamini. Chekecha mwenyewe karai moja kabla ya kupeleka sampuli, ulinganishe mawe na udongo uliopita, na uwaambie maabara.

Kwa sababu hiyohiyo, usimwage mbolea yote kwa mkupuo mmoja. Udongo laini ni mdogo. Chumvi ya mbolea hukolea kando ya mbegu na kuiunguza, na mvua kubwa ikija nitrojeni inashuka chini ya mizizi. Gawa mbolea ya kukuzia mara mbili au tatu. Samadi iliyooza vizuri ni bora zaidi, maana pamoja na kulisha mmea huongeza uwezo wa kushika maji.

"Shamba safi ni lile lililookotwa mawe yote"

Mawe makubwa yanayovunja jembe yaondoe, ukayapange kwa mistari ya kontua kukata mteremko. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini changarawe ndogo iliyolala juu ya udongo ina kazi. Inapokea kishindo cha matone ya mvua, inapunguza ukaukaji, inapunguza kasi ya maji yanayotiririka. Ukiikwangua yote, mvua ya kwanza itapiga udongo uchi na kuuziba uso. Tofauti ni changarawe iliyonata ndani ya gaga gumu la juu: hiyo huzuia maji kupenya, na hapo kupalilia kidogo ili kulivunja gaga kuna faida.

"Changarawe inapitisha maji, kwa hiyo hakuna mmomonyoko"

Maji hupenya haraka, naam, mpaka yafike kwenye mwamba. Sentimita 25 zikishajaa, kila tone linalofuata linateremka. Na hasara ya hapa ni nzito kuliko mahali penye kina. Milimita moja tu ikiondoka kwenye eka moja ni mita 4 za ujazo, tani tano hivi za udongo, na mahali pakavu mwamba huchakaa polepole mno kuurudisha katika maisha ya mtu. Aliye na udongo wa mita mbili anaweza kupoteza sentimita tano asione tofauti kwa miaka. Aliye na sentimita 25 amepoteza thuluthi moja ya shamba akipoteza nane.

"Hii ni maramu tu"

Hapana. Maramu ya Busia au Siaya ni vipande vilivyogandishwa na chuma, katika udongo mzee wa nchi yenye mvua nyingi. Changarawe ya Elementaita ni ya volkano. Ushauri uliomfaa shemeji yako Ugunja usiulete Gilgil bila kupima.

"Ardhi ya leleshwa haifai kitu"

Leleshwa, kichaka cha mwituni, hustawi kwenye udongo huu kwa sababu mizizi yake huingia kwenye nyufa za mwamba ambazo mahindi hayawezi kuzitafuta. Kwa hiyo ukiona leleshwa tupu, umepewa habari: huenda kina ni kifupi, lakini huenda chini kuna nyufa zinazoweza kubeba miti na malisho. Wanaokata yote kwa ajili ya makaa kisha wakalima mteremko huondoa kitu kilichokuwa kimeushika udongo. Kwenye uainishaji wa kimataifa, udongo wenye mwamba ndani ya sentimita 25 huwekwa kwenye kundi la Leptosoli, ambalo limeenea kwa zaidi ya hekta bilioni 1.6 duniani, na sehemu kubwa ya kundi hilo ni ya malisho na misitu kuliko jembe.

Kwa anayenunua ploti: usiende Mei, kila kitu kikiwa kijani. Nenda na mtaimbo na chepe, uchimbe mashimo matatu, juu, katikati na chini ya mteremko, mpaka ugonge jiwe au ufike mita moja. Pima kina kwa futi kamba. Gonga jiwe lenyewe: likilia kwa mlio mkali na halina ufa, hapo ndipo shamba lako linapoishia. Likimeguka, na ukaona mizizi ya zamani imepenya kati ya vipande, bei inaweza kuzungumzika.