Von, vom, von der: kijineno katikati ya jina la mbwa

Mfugaji mmoja wa Moshi alinitumia picha ya cheti cha nasaba cha mbwa wake, German Shepherd mweusi. Jina: Rex von der Kilimanjaro. Akauliza, "Mwalimu, nimepatia?"

Von amepatia. Kwa Kijerumani maana yake ni "wa" au "kutoka", na kinachofuata kwa kawaida ndicho jina la banda alikozaliwa mbwa. Tatizo ni hiyo der. Mjerumani akiisoma hapo, sikio lake linashtuka kama letu tunaposikia "mlima ya Kilimanjaro". Wana ngeli zao: der, die na das. Baada ya von, der na das hugeuka kuwa dem, kisha von dem hufupishwa kuwa vom. Die nayo hugeuka kuwa der, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwa Kijerumani Kilimanjaro ni der, kwa hiyo tunasema vom Kilimandscharo.

Tazama mbwa waliovuma. Klodo vom Boxberg, bingwa wa mwaka 1925: Berg ni mlima, ni der, ndiyo maana ikawa vom. Canto von der Wienerau: Au ni uwanda wa majani kando ya maji, nayo ni die. Mbwa mwingine wa zama za Canto aliitwa Mutz von der Pelztierfarm. Watu hulitamka jina hilo kwa heshima kama la mwana wa mfalme, kumbe ni "Mutz wa shamba la wanyama wa manyoya". Nalipenda sana. Linasema ukweli wa mahali, na hiyo ndiyo kazi ya von katika jina la mbwa. Si cheo, kama ilivyo katika majina ya makabaila wa Kijerumani.

Miji na vijiji kwa kawaida havibebi der wala die, hivyo von husimama peke yake: von Mombasa, von Sansibar. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, mwanzilishi wa uzao wa German Shepherd, alinunua mbwa aliyeitwa Hektor Linksrhein, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath. Huyo ndiye namba 1 katika kitabu cha nasaba cha German Shepherd. Von ya bwana ilitoka kwenye ukoo wake, ya mbwa ilitoka Grafrath, jina la banda la bwana huyo.

Utakutana pia na aus, "kutoka ndani ya", na am, "kando ya". Am See ni kando ya ziwa, jina zuri kwa mtu wa Kisumu au Bukoba.

Rafiki yangu wa Moshi amesharekebisha cheti. Sasa ndugu yake wa Mwanza naye anataka jina, nami nimemwandikia vom Viktoriasee. Hapo sikukisia: der See ni ziwa, die See ni bahari. Angekuwa anafuga Tanga, ningemwandikia von der See.