Uzio wa mbwa usioonekana: mambo ya kujua kabla hujachimba mtaro

Mzee mmoja alituletea kliniki boksi alilotumiwa na binti yake anayeishi Marekani. Ndani mlikuwa na roli la waya mwembamba, kisanduku cha plastiki kinachotoshana na redio ndogo, mkanda wa shingoni wenye vijino viwili vya chuma, na vijiti vya kubandika vibendera vyeupe. Binti alikuwa amesikia kwamba mbwa wa nyumbani, dume la kienyeji la miaka mitatu, ametoka tena getini na kunusurika kugongwa na bodaboda. Akaona dawa ni hiyo.

Mzee alikuja na maswali mawili. Wajukuu wakikanyaga waya huo, hawatapigwa shoti? Na vile vibendera, ambavyo tayari alikuwa amewapa wajukuu wachezee, vilikuwa vya kazi gani? Nimeandika makala hii kwa sababu maswali hayo mawili yanagusa karibu kila anachopaswa kujua mwenye mbwa anayefikiria kununua mtambo huu. Lipo na la tatu ambalo hakuuliza, na hilo ndilo linalonisumbua mimi zaidi.

Tuanze na shoti. Huku kwetu mtu akisikia uzio wa umeme anafikiria nyaya zinazopandishwa juu ya kuta, zenye kibao cha HATARI, zinazopitisha mapigo ya maelfu ya volti kumzuia mwizi. Huu ni mtambo mwingine kabisa. Waya unaofukiwa ardhini haumshtui mtu wala mnyama. Ukiushika kwa mkono husikii kitu. Kazi yake ni ya antena. Kisanduku kinachochomekwa kwenye soketi hupitisha humo mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana, mara nyingi kilohezi 7 hadi 10 hivi, na mawimbi hayo hufanya ukanda kando ya waya wenye upana wa mita moja au zaidi, kutegemea umezungusha kitufe kiasi gani. Mbwa akiingia kwenye ukanda huo, kipokezi kilichoko shingoni kinalia. Asiporudi, vile vijino viwili vinampiga ngozini kwa umeme unaotoka kwenye betri ya mkanda wenyewe. Shoti iko shingoni mwa mbwa, haiko ardhini. Wajukuu wako salama, ilimradi wasijaribiane mkanda, jambo ambalo watoto hawachelewi kulifikiria.

Mmarekani Richard Peck alipewa hataza ya uvumbuzi huu mwaka 1973, na ukitaka kuuelewa vizuri, tazama mitaa ya huko ulikotoka. Katika vitongoji vingi vya Marekani nyumba hazina kuta. Nyasi za jirani huungana na zako mpaka barabarani, na baadhi ya vyama vya wenye nyumba hukataza kabisa kuweka uzio unaoonekana upande wa mbele. Ndugu zetu waliohamia huko wanalijua hilo, wengine wameshatozwa faini kwa kupaka mlango rangi isiyoruhusiwa. Mtu wa namna hiyo, mwenye mbwa na asiye na ruhusa ya kujenga, alihitaji kitu kama hiki.

Sasa vibendera. Mzee alidhani ni mapambo, na si yeye peke yake. Mbwa haoni mawimbi. Akipigwa shoti bila kujua imetoka wapi, atakilaumu chochote kilichokuwa mbele yake dakika ile: mtoto aliyepita, pikipiki, au ua mzima, asitake tena kushuka barazani. Vibendera huchomekwa kila baada ya mita mbili tatu kufuata mpaka, ili mbwa apate kitu cha kukitazama na kukikumbuka. Siku za mwanzo mkanda unawekwa kwenye mlio peke yake. Unamshika mbwa kwa kamba ndefu, mnasogea taratibu kuelekea vibendera, na mlio ukisikika tu unamgeuza, mnarudi ndani pamoja, unamsifu na kumpa kipande cha nyama. Kisha mnarudia. Dakika 10 hadi 15 kila kikao, mara mbili au tatu kwa siku, pande zote za kiwanja, kwa wiki mbili au zaidi. Shoti huja baadaye, kwa kiwango cha chini kabisa kinachomfanya atingishe masikio au ageuke kutazama. Akilia kwa maumivu, umezidisha.

Baada ya hapo ndipo majaribu yanaanza: jirani anapita nje na mbwa wake, mpira unarushwa ng'ambo ya mpaka, paka anakatiza, nawe bado kamba iko mkononi. Akifaulu yote hayo kwa siku kadhaa mfululizo, unaanza kung'oa vibendera, kimoja unakiacha, kimoja unakitoa, hadi viishe. Karibu kila mtambo ulioshindwa ambao nimeitwa kuutazama, mwenyewe alikuwa amefukia waya Jumamosi asubuhi, akamvalisha mbwa mkanda mchana, akaenda zake harusini.

Wapo mbwa ambao sishauri wafundishwe hivi hata kwa uvumilivu wote huo. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita bado hana akili ya kuunganisha mlio na mpaka. Mbwa mgonjwa au jike mwenye mimba, usimguse kwa hili. Mbwa mwoga huharibika zaidi. Na mbwa mkali ndiye wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwa fundi, mambo ni machache ila hayasameheki. Waya lazima utoke kwenye kisanduku, uzunguke eneo lote, urudi kwenye kisanduku kilekile. Ukikatika mahali pamoja tu, iwe kwa jembe au kwa panya, uzio wote umekufa. Kipande cha kutoka nyumbani hadi kwenye mpaka, ambacho mbwa anatakiwa akikanyage bila kusikia kitu, husokotwa: nyaya mbili zinapindwa pamoja mara 10 hadi 12 katika kila sentimita 30, na mawimbi ya upande mmoja yanaua ya upande wa pili. Pembe za kiwanja zisikunjwe kama kona ya meza, ziviringwe. Nyaya za umeme wa nyumba zikae mbali na waya huu angalau mita moja na nusu, na kama ni lazima zikutane basi zikatane msalaba. Vinginevyo, au ukiupitisha karibu na mabomba ya chuma, mawimbi yanaweza kutembea yasikotakiwa, na mbwa akapigwa shoti akiwa amelala jikoni bila kosa.

Kwa wanaopokea maboksi kutoka ng'ambo, soma maandishi madogo kwenye adapta kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa volti 100 hadi 240, hakuna shida. Ikiwa ni 120 peke yake, umeme wetu wa volti 230 au 240 utaiunguza papo hapo. Ya mzee ilikuwa ya 120. Radi nayo hufuata waya mrefu uliolala ardhini, kwa hiyo msimu wa mvua kubwa weka kinga ya radi au chomoa kisanduku wingu likitanda, ukijua kwamba ukichomoa huna uzio. Ni vilevile umeme ukikatika, kama kisanduku hakina betri ya akiba, na betri ya mkanda ikiisha.

Shingo nayo inahitaji macho yako kila siku. Vidonda tunavyotibu chini ya mikanda hii, watu huviita vya kuungua, lakini vingi husababishwa na kugandamizwa: vile vijino vinakandamiza ngozi sehemu moja saa nyingi, damu haipiti vizuri, ngozi inakufa. Mkanda uvaliwe usiozidi saa 12 kwa siku, ukazwe kiasi cha kidole kimoja kupita, usogezwe sehemu nyingine mara kwa mara, na kamba ya kutembeza mbwa isifungwe juu yake kamwe.

Nije kwenye swali la tatu. Uzio huu unamzuia mbwa wako kutoka. Nani anazuia kinachoingia? Hakuna. Waya haumjui mbwa wa mtaani, haumjui fisi kwa walio pembezoni mwa hifadhi, haumjui mwizi, wala haumjui mtoto wa jirani anayefuata mpira wake. Kwa mkazi wa kitongoji kitulivu cha Ohio hilo huenda likawa jambo dogo. Kwetu ndilo lenyewe, kwa kuwa mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu. Mbwa mwenye kichaa akiingia kwenye ua usio na ukuta, wako hana pa kukimbilia: mbele kuna mvamizi, nyuma kuna shoti. Fikiria unavyomfundisha kwa wiki mbili asivuke mstari hata iweje, kisha unamwachia humo ndani na chochote kitakachokuja.

Na hata kuzuia kutoka, mtambo hauzuii vizuri kama uzio wa kawaida. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walichapisha mwaka 2017 majibu ya wenye mbwa waliohojiwa kuhusu mbwa wao kutoroka. Kati ya mbwa waliozuiwa kwa mtambo huu, asilimia 44 walikuwa wamewahi kutoroka. Waliokuwa nyuma ya uzio unaoonekana ni asilimia 23. Sababu si ngumu kuielewa. Mbwa akimwona jike aliye kwenye joto au paka anayekimbia, huvumilia shoti ya sekunde mbili akapita. Tatizo ni kurudi: hamu imekwisha, na mpaka bado unauma. Anabaki nje, barabarani, palepale ulipokuwa unamkinga napo.

Kuhusu ukali, mwaka 2000 mtaalamu wa tabia za wanyama Richard Polsky alieleza visa vitano vya mbwa walioshambulia watu vibaya wakiwa kwenye maeneo yenye mitambo hii. Visa vitano si ushahidi wa kufunga mjadala, nami sitavitumia hivyo. Lakini vinaendana na kile nilichosema juu ya lawama: mbwa anayepigwa shoti kila mgeni anapokaribia mpaka anaweza kufikia uamuzi kwamba mgeni ndiye anayeuma. Kwa paka mambo yanaonekana tofauti kidogo. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, uliotoka mwaka 2016, haukuona madhara ya muda mrefu kwa paka walioishi na mtambo kwa zaidi ya mwaka. Hata hivyo Wales ilipiga marufuku mikanda ya shoti kwa mbwa na paka mwaka 2010, ya uzio ikiwemo. Watengenezaji walikwenda mahakamani kuipinga, wakashindwa.

Siku hizi kuna mikanda isiyohitaji waya, inayotumia GPS: unachora mpaka kwenye simu, basi. Kwenye shamba kubwa inaweza kufaa. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 siishauri, kwa kuwa GPS hukosea kwa mita kadhaa, na zaidi chini ya miti au kando ya paa la bati. Mpaka unaohama mita tano usiku hauwezi kufundishika kwa mnyama. Hapa huwa nakumbuka tembo Kimani wa Ol Pejeta, Laikipia, aliyezoea kuvunja na kula mashamba ya watu. Shirika la Save the Elephants lilimvisha mkanda wenye laini ya simu. Akikaribia mpaka uliochorwa kwenye kompyuta, mkanda ulituma ujumbe kwa askari wa wanyamapori, nao wakaenda kumrudisha. Mkanda ule haukumpiga shoti. Uliwaamsha binadamu wafanye kazi yao. Mkanda wa namna hiyo, unaokupigia simu wewe badala ya kumchoma mbwa, ningeununua kesho.

Kama una kiwanja na uwezo, jenga uzio, hata wa michongoma au minyaa. Inachukua miaka miwili mitatu kushikana, ila inazuia pande zote mbili, na haiombi betri. Dume linalozurura ahasiwe, kwa sababu mara nyingi kinachomtoa ni jike la mtaa wa pili. Chanjo ya kichaa apewe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na mtu akiumwa na mbwa, yeyote yule, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Mzee tulimuuliza ua wake ukoje. Pande tatu michongoma, mbele ukuta. Mbwa alikuwa anatokea getini tu, kila watoto walipoacha wazi wakienda shule. Tulimshauri afunge springi ya kulirudisha geti lenyewe. Kadi ya chanjo ilionyesha mbwa amepitisha miaka miwili bila kuchanjwa, kwa hiyo alichanjwa Alhamisi iliyofuata, na siku hiyohiyo tukamhasi.