Kiboksi cha Kijivu Kwenye Nguzo: Data ya Mji Janja na Unachoweza Kudai

Barua za malalamiko zinazofika mezani kwetu, katika mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi, siku hizi zinafanana kama pacha. Mtu amepiga picha nguzo ya taa, amekizungushia duara jekundu kiboksi cha kijivu kilichofungwa juu yake, na chini ameandika neno moja: "Tunapelelezwa." Jina la barabara hakuna. Tarehe hakuna. Anachotaka tumfanyie hakuna. Mara kadhaa tulipofuatilia tumekuta kiboksi chenyewe ni kipima vumbi la hewani, au kifaa cha kuhesabu magari kwa rada, kisichoweza kutofautisha mtu na mkokoteni, seuze kumjua fulani bin fulani.

Sisemi watu wanalalamika bure. Ninachosema ni kwamba wanakodolea macho nguzo ilhali kinachowajua kiko mfukoni mwao: kadi ya nauli, simu, programu waliyopakua ili kulipia maegesho. Kadi ikiguswa asubuhi na jioni kwa miezi miwili, inajua unakolala na unakofanya kazi hata kama hukuwahi kuandika anwani yako popote.

Mji unaoendesha huduma zake kwa vifaa kama hivi ndio unaoitwa mji janja, na rundo la rekodi zinazotokana navyo ndilo data kubwa. La kushika ni kwamba thamani yake haimo katika rekodi moja moja bali katika kuziunganisha: nauli na hali ya hewa, umeme na maji, foleni na simu za dharura. Rio de Janeiro ilianzisha kituo chake cha uendeshaji mwishoni mwa 2010, baada ya mafuriko na maporomoko ya udongo ya Aprili mwaka huo, ili idara zilizozoea kufanya kazi kila moja kivyake zitazame ukuta mmoja wa skrini. Hilo ni jambo jema, na sina ugomvi nalo. Ila hatari nayo inaanzia hapo hapo penye faida, kwenye kuunganisha.

Teknolojia moja, miji miwili

Mwishoni mwa 2016 mamlaka ya usafiri ya London ilifanya jaribio la wiki 4 katika vituo 54 vya treni za chini ya ardhi. Mageti ya tiketi yanajua ulipoingia na ulipotokea. Hayajui katikati ulipita njia gani. Basi mamlaka ikanasa mawimbi ambayo simu hurusha zinapotafuta waifai, ikayafuata kutoka kituo hadi kituo. Ilipata vipande milioni 509 vya data kutoka vifaa milioni 5.6. Ikagundua kwamba kati ya King's Cross St Pancras na Waterloo pekee, abiria walikuwa wakitumia njia zisizopungua 18. Hakuna fomu ya maoni ambayo ingeleta jibu hilo. Matangazo yalibandikwa vituoni, namba za utambulisho wa simu zilisimbwa, na asiyetaka kushiriki aliambiwa azime waifai yake.

Mwaka uliofuata manispaa ya Enschede, Uholanzi, nayo ilianza kupima wingi wa watu katikati ya mji kwa kunasa waifai. Lengo lilikuwa kuhesabu tu. Lakini mwaka 2021 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi hiyo iliitoza manispaa faini ya euro 600,000, kwa hoja kwamba jinsi mfumo ulivyoendeshwa, mtu angeweza kufuatwa nyendo zake duka hadi duka, siku hadi siku. Manispaa ikapinga, ikisema haikuwahi kukusudia kumfuata yeyote.

Hapo ndipo wengi wanapotuelewa vibaya, wakiwemo maofisa wa miji. Hatuulizi ulikusudia nini peke yake. Tunauliza pia mfumo wako unaweza kufanya nini, data inakaa muda gani, na nani ana ufunguo.

"Hatukusanyi majina"

Sentensi hiyo naisikia kwenye karibu kila kikao, na huwa nakunywa maji kwanza kabla ya kujibu.

Mwaka 2014, mji wa New York ulitoa kumbukumbu za safari za teksi za mwaka 2013, zaidi ya safari milioni 170, baada ya mwananchi kuziomba kwa njia halali. Namba za magari na za leseni za madereva zilikuwa zimegeuzwa kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka. Kazi ilionekana safi. Tatizo ni kwamba namba za teksi zinafuata muundo mfupi unaojulikana, kwa hiyo zote zinazowezekana zinahesabika. Mhandisi mmoja aliipa kompyuta yake kila namba inayoweza kuwapo, akaigeuza kwa kanuni ile ile, kisha akalinganisha matokeo na yale yaliyotolewa. Kwa saa chache tu akawa na namba halisi. Wengine wakachukua picha za watu mashuhuri wakipanda teksi, namba ya gari ikionekana, wakatafuta safari yenyewe: alishukia wapi, alilipa nauli kiasi gani, bakshishi aliacha au hakuacha.

Mwaka mmoja kabla, watafiti walikuwa wamechapisha uchunguzi wa nyendo za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15. Majina hayakuwamo. Walikuta kwamba kujua sehemu 4 tu alizokuwapo mtu, na saa zake, kunatosha kumtofautisha na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Sehemu nne! Nyumbani, kazini, shuleni kwa mtoto na nyumba ya ibada, umekwisha.

Kwa hiyo mtu akikuambia data yake haina majina, muulize imeunganishwa na nini, na inaweza kuunganishwa na nini kesho.

Data inapohamishiwa kazi nyingine

Makosa mengi tunayoyaona hayatokani na wizi. Yanatokana na data iliyokusanywa kwa kazi moja kupewa kazi ya pili. San Diego, Marekani, iliidhinisha taa za barabarani zenye vihisi mwaka 2016, hoja zikiwa kuokoa umeme na kusoma mwenendo wa magari. Taa hizo zilikuwa na kamera. Polisi wakaanza kutumia picha zake kwenye uchunguzi, wakazi wakashtuka kugundua, na mwaka 2020 meya akaagiza kamera zizimwe. Singapore iliwaambia wananchi kwamba data ya programu yake ya kufuatilia maambukizi ya UVIKO-19 ni ya kufuatilia maambukizi tu. Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi wanaweza kuidai kwa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai. Sheria mpya ya kubana matumizi hayo ilipitishwa mwezi uliofuata.

Wapo wanaotuambia: mimi sina cha kuficha. Vizuri. Lakini sheria haikutungwa kwa ajili ya wenye vya kuficha, na aliyetoa ruhusa ya kuhesabiwa barabarani hakutoa ruhusa ya kitu kingine.

Toronto ilionja upande wa mikataba. Mradi wa Quayside, mtaa janja ambao kampuni ndugu ya Google ilitaka kuujenga mjini humo, ulitangazwa Oktoba 2017 na ukafutwa Mei 2020. Katikati yake mshauri wa faragha, Ann Cavoukian, alijiuzulu alipoelezwa kwamba washirika wengine hawatalazimishwa kuondoa utambulisho wa watu pale pale data inapokusanywa. Kwa mji unaoandaa zabuni leo, kipengele hicho hakifai kuachwa hadi mzabuni apatikane.

Kuna kasoro nyingine ambayo hailetwi kwetu kama malalamiko, kwa sababu wanaoumia hawajui kwamba wameumia. Boston ilikuwa na programu ya simu iliyohisi mtikisiko wa gari na kuripoti mashimo barabarani yenyewe, bila dereva kugusa kitu. Wazo zuri mno. Lakini simu janja wakati huo zilikuwa chache zaidi kwa wazee na maskini, kwa hiyo ramani ingeonyesha mashimo mengi pale penye simu nyingi, na mafundi wangepelekwa huko. Mji ulilitambua hilo, ukaanza kwa kuwapa programu hiyo wakaguzi wake wa barabara, ambao hupita kila mtaa. Ukisikia kwamba algoriti, yaani kanuni za kompyuta, imeamua mtaa wako hauna tatizo, uliza kwanza kama mtaa wako umo kwenye data.

Kuhusu usalama nitasema machache. Machi 2018 wadukuzi walifunga mifumo ya kompyuta ya mji wa Atlanta, Marekani, wakadai dola zipatazo 51,000 ili waifungue. Wakazi hawakuweza kulipia maji mtandaoni, polisi wakarudi kuandika taarifa kwa mkono, na kuijenga upya mifumo hiyo kuligharimu mamilioni. Huduma zikiunganishwa, huanguka pamoja.

Namna ya kuomba na kulalamika

Sasa nije kwenye sehemu ambayo watu huiruka, kisha wakaja kutulaumu.

Kwanza unamwandikia aliyekusanya taarifa, siyo sisi. Ukija kwetu moja kwa moja, jambo la kwanza tutakalokuuliza ni nakala ya barua uliyomwandikia yeye. Katika sheria ya ulinzi wa taarifa ya Umoja wa Ulaya (GDPR), iliyoanza kutumika Mei 25, 2018 na ambayo nchi nyingi zimejifunza kwayo, ana mwezi mmoja wa kujibu. Jambo likiwa zito anaweza kujiongezea miezi miwili, lakini lazima akuarifu ndani ya ule mwezi wa kwanza na aeleze sababu. Halipishi. Anaweza kudai ada au kukataa iwapo maombi ni ya usumbufu ulio wazi, na ni juu yake kuthibitisha kwamba ni usumbufu. Nchini kwako muda unaweza kuwa tofauti, kwa hiyo soma sheria yako.

Taja mahali, tarehe, saa, na ulikuwa unaelekea upande gani. Kwa picha za kamera, eleza ulivaa nini. Usiseme "mwezi uliopita." Picha nyingi za kamera hufutwa au hurekodiwa juu yake baada ya siku au wiki chache, na maombi yaliyochelewa hujibiwa kwa ukweli mchungu kwamba hakuna kitu. Ukipewa picha, tarajia nyuso za wengine kuzibwa. Hilo si hila. Nao wana haki kama yako.

Haki ya kufutiwa taarifa ipo, ila haina maana kwamba unaamuru na wanafuta. Kumbukumbu inayohitajika kisheria, kwa mfano ya deni la faini ya maegesho, haifutwi kwa sababu imekukera. Tunapokea maombi ya namna hiyo kila wiki na jibu halibadiliki.

Unaweza pia kuuliza kama kulifanyika tathmini ya athari kwa faragha. Katika sheria hiyo ya Ulaya, ufuatiliaji wa kimfumo, kwa kiwango kikubwa, wa maeneo yaliyo wazi kwa umma haupaswi kuanza kabla tathmini haijafanyika. Taarifa zikivuja, mkusanyaji ana saa 72 tangu ajue za kuiarifu mamlaka, na wahusika wenyewe huarifiwa bila kukawia pale hatari kwao inapokuwa kubwa.

Adhabu ziko ngazi mbili. Kwa makosa ya wajibu wa kiutendaji, kama kutofanya tathmini au kutotoa taarifa ya uvujaji, faini hufika euro milioni 10 au asilimia 2 ya mauzo ya mwaka ya kampuni duniani kote, ipi iliyo kubwa. Kwa kukiuka misingi yenyewe au haki za watu, hufika milioni 20 au asilimia 4. Hivyo ni vikomo, si bei ya kila kosa. Huangaliwa uzito, muda, uzembe, na kama mkosaji alishirikiana. Kila nchi mwanachama huamua yenyewe kama taasisi zake za umma zitozwe. Na faini haiji kwa mlalamikaji. Nalirudia kwa kuwa tunaulizwa mno: haiji kwa mlalamikaji. Anayetaka fidia huenda mahakamani.

Mmoja wa wale waliotuletea picha yenye duara jekundu alijibiwa na ofisi yetu kwa barua kavu, niliyoisaini mwenyewe, ikimtaka aanze kwa mhusika na ataje mahali. Alifanya hivyo. Alirudi kwenye nguzo, akaandika namba iliyogongwa kwenye bati lake, jina la barabara, siku na saa, akauliza mambo matatu: kifaa kinakusanya nini, kwa muda gani, nani anasoma. Kabla ya mwezi kwisha alipata majibu ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema kifaa kinahesabu baiskeli. Wa pili, kwenye aya ya mwisho, ulisema mkandarasi huhifadhi pia namba za utambulisho za simu zinazopita karibu, kwa miezi sita, "kwa ajili ya maboresho ya huduma za baadaye."

Alitutumia kurasa zote mbili, bila duara jekundu. Tumefungua jalada.