Acha Kuuliza "Umeelewa?"

"Nilimwambia, nikamuuliza kama ameelewa, akasema ndiyo." Sentensi hii hutolewa kwenye vikao vya kutafuta mchawi, kazi ikishaharibika, na hutolewa kwa utulivu wa mtu aliyemaliza wajibu wake. Nimechoka kuisikia. Aliyesema hivyo amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Swali la "umeelewa?" linapima kama mtu yuko tayari kukiri mbele ya wenzake kwamba hakuelewa. Wengi hawako tayari, hasa anayeuliza akiwa bosi. Hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni kwamba aliyeelewa vibaya hajui kuwa ameelewa vibaya. Anajibu ndiyo kwa moyo mweupe. Muulize mara tatu, atakujibu ndiyo mara tatu, na hatakuwa anadanganya hata mara moja.

Na wewe uliyetoa maagizo huoni pengo, kwa sababu kichwani mwako pengo halipo. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtafiti wa saikolojia Elizabeth Newton aliwapa watu kazi ya kugonga mezani mapigo ya nyimbo zinazofahamika, wengine wazitambue. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima. Msikilizaji anasikia meza. "Niletee ripoti ya mauzo Jumanne" ni kugonga meza vilevile. Ya kipindi gani? Ya matawi yote? Asubuhi au jioni? Imalizike kabisa au rasimu inatosha? Wewe majibu unayo, na hujayatamka.

Dawa yake inajulikana: mpokeaji anaurudisha ujumbe kwa kinywa chake, mtoaji anasikiliza, kisha anathibitisha au anasahihisha. Hatua tatu. Marubani wanafanya hivyo na mnara wa kuongozea ndege, wauguzi wanafanya hivyo wakipokea maagizo ya dawa kwa simu. Sirefushi hapa, kila mwezeshaji wa semina ana slaidi yake. Ninayotaka kuikalia ni hatua ya tatu, ambayo slaidi huipa mstari mmoja kisha watu wanakwenda kunywa chai.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ukiwa kwenye ukungu, rubani msaidizi wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, aliyarudisha maelekezo ya njia aliyopewa na mnara, akamalizia kwa maneno yaliyoweza kumaanisha "tupo tayari mahali pa kurukia" au "ndiyo tunaruka". Mnara ukajibu "OK", kisha ukaongeza kwamba wasubiri. Maneno hayo ya kusubiri yaligongana redioni na sauti ya ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, ambayo ilikuwa inasema bado ipo kwenye barabara hiyohiyo ya kurukia. Ndani ya KLM ukasikika mlio tu, nayo ikaenda kuruka, ikaigonga Pan Am. Walikufa watu 583. Sababu za ajali ile ni nyingi, lakini kwa mada yetu angalia jambo moja: ujumbe ulirudishwa. Ulirudi ukiwa na utata, na ukapokewa kwa "OK". Baadaye usafiri wa anga uliyakaza maneno yake, hata neno la Kiingereza la kuruka, "takeoff", likatengwa litamkwe tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa.

Maofisini "OK" ile tunaigawa kutwa nzima. Mtu anarudisha vizuri kabisa: "Kwa hiyo niwaandikie wateja wote kuhusu bei mpya." Wewe macho yako kwenye skrini, unajibu "sawa, sawa". Ulikusudia wateja ambao mikataba yao inaisha Juni. Kosa limepita mbele yako, limekusalimia, nawe umeitikia. Sikio husikia lilichotarajia, na anayerudisha maneno yaliyofanana na yako kwa asilimia 90 atapita bila kukaguliwa. Ndiyo maana nawazuia watu kuthibitisha kwa "sawa". Thibitisha kwa kutaja kipengele kimoja kutoka kwenye alichokisema yeye: "Ndiyo, wote, wakiwemo wa mikataba mirefu." Kipengele hicho huwezi kukitaja kama hukusikiliza, na mara nyingi ni katika kukitaja ndipo unagundua kwamba sicho ulichotaka.

Sasa namna ya kuomba urudishiwe. "Rudia nilichosema" ni lugha ya darasa la kwanza, na mtu mzima akinuna ana haki. Ina kasoro nyingine pia: unapata ukariri. Kwa namba, majina na tarehe, ukariri ndio unaoutaka, neno kwa neno. Sitini na tisini kwenye simu yenye mikwaruzo ni pacha, kwa hiyo tamka tarakimu: tisa, sifuri. "Ijumaa ijayo" taja tarehe yake. Saa ndiyo usiseme: kalenda ya kompyuta inasema 14:00, wewe unasema saa 8, mwenzako anasikia saa 8 ya kizungu anafika asubuhi. Ongeza "mchana" hata kama unaona ni ujinga kuongeza.

Lakini kwa kazi inayohitaji uamuzi, ukariri haukuonyeshi kitu. Uliza "Utaanza na nini?" au "Utajuaje kwamba imekamilika?" Linalofukua zaidi ni hili: "Data isipofika mpaka saa 8 mchana, utafanyaje?" Aliyeshika maneno tu atakwama hapo, aliyeshika kusudi atakuwa na jibu, hata kama silo lako. Na mzigo jitwike mwenyewe: "Nimeeleza haraka, hebu nipitishe ulivyoipanga nione kama nimeruka kitu." Maelezo yakizidi mambo matatu au manne, simama hapo kwanza urudishiwe, ndipo uendelee.

Sasa mashaka yangu. Ushahidi unaotajwa sana unatoka hospitalini. Utafiti wa makabidhiano ya zamu uitwao I-PASS, uliochapishwa 2014 kutoka hospitali 9 za Marekani na Kanada, ulionyesha makosa ya kitabibu yamepungua kwa asilimia 23, na kurudisha ujumbe ni sehemu ya mfumo huo. Sehemu. Ndani yake mlikuwa pia na mafunzo, fomu za maandishi na ufuatiliaji, kwa hiyo anayekuambia kwamba kurudisha ujumbe peke yake kulileta asilimia hizo anakuuzia. Shaka la pili ni la kila siku: ukilazimisha urudishaji kwa kila agizo, ndani ya wiki chache unageuka kuwa itikio la ibada, midomo inakwenda na akili iko kwingine. Bakisha kwa pesa, tarehe, makabidhiano, maagizo yaliyopitia mtu wa tatu, na chochote kisichorudishika nyuma. Anayeombwa kuleta kiti hahitaji itifaki.

Dole gumba kwenye kundi la WhatsApp? Limepokewa, basi. Tiki mbili za buluu ni pungufu ya hapo: ujumbe umefunguliwa kwenye simu ya mtu.

Na kama bosi wako mwenyewe ndiye wa "umeelewa?", usimsubiri ajifunze. Rudi mezani umwandikie mistari mitatu: nitafanya hili, sitagusa lile, nitakukabidhi tarehe fulani. Wengi humalizia kwa "nisipopata jibu naendelea". Kwa rasimu ya ripoti, inafaa. Kwa malipo, kufuta data au barua inayokwenda kwa mteja, andika "sianzi mpaka unijibu", kisha usianze kweli, hata akikupita kwenye korido akakuuliza mbona kimya. Hapo ndipo mwambie ajibu.