“Leo Hujaniua, Kocha”

Maneno hayo huwa naambiwa mlangoni, mteja akiwa ameshabeba begi lake. Leo amechuchumaa na kilo 5 zaidi ya wiki iliyopita, mgongo umenyooka, magoti yametulia. Lakini kwa kuwa hajalala sakafuni akihema, anaona pesa yake imeliwa.

Ni kwa ajili yake sisi makocha tuna finisha: zile dakika nne hadi kumi za mwisho za kukimbizana na saa, pushapu, kuruka, kamba nzito, mpaka fulana ikamuliwe. Nilipoanza kazi hii hapa Dar nilimpa kila mtu, aliyezoea na aliyekuja jana. Nilipenda wakitoka hoi, maana aliyetoka hoi alikuwa anawasimulia wenzake ofisini.

Wengi huitetea finisha kwa jina la Tabata, ule mtindo wa mazoezi makali ya dakika nne. Sawa, tumtazame Tabata mwenyewe. Mwaka 1996 Mjapani Izumi Tabata na wenzake walichapisha utafiti wao: baiskeli ya mazoezi, sekunde 20 za nguvu kali mno, 10 za kupumzika, raundi 7 hadi 8, kwa wiki 6. Uwezo wa washiriki kutumia oksijeni uliongezeka kweli, na uwezo wa kufanya kazi kali bila kutegemea oksijeni ukapanda kwa asilimia 28. Ila washiriki walikuwa vijana wanafunzi wanamichezo, na zile dakika nne zilikuwa ndiyo mlo wenyewe, si kiporo cha kuongezea juu ya dakika 50 za vyuma. Mteja wangu aliyechoka hawezi kufikia nguvu ile hata nikimpigia kelele. Anachopata ni uchovu juu ya uchovu.

Na hadithi ya kwamba mwili utaendelea kuchoma mafuta hadi kesho? Upo ukweli ndani yake, mdogo. Ukijumlisha na dakika nne zenyewe, hujachoma hata nusu chapati.

Kilichonibadilisha ni jamaa mmoja aliyerudi baada ya miezi mingi ya kukaa. Nilimmalizia kwa kuchuchumaa mara 100. Siku ya pili hakuweza kushuka ngazi, hilo nililitarajia. Siku ya tatu akaniandikia kwamba mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Nilimwambia aende hospitali saa hiyohiyo. Misuli ikipigwa kupita kiasi huvunjika, mabaki yake yakaingia kwenye damu, na figo ndizo zinazobebeshwa mzigo. Alipona. Mimi sikulala siku mbili.

Siku hizi naipima finisha kwa kipindi kinachofuata. Kama Jumatatu nimekumaliza hadi Jumatano unanyanyua pungufu, nimekuibia Jumatano. Kwa mtu mwenye miezi kadhaa ya mazoezi, asiye na muda wa kukimbia wala kuogelea, dakika nne kali zina faida: moyo unapata kazi yake, na kuna raha ya kujua kwamba umevuka pale ulipodhani utakatikia. Raha hiyo siidharau, ndiyo inayomrudisha. Ila nachagua zoezi ambalo hata ukishindwa hakuna kinachokuangukia: baiskeli, kusukuma sledi (fremu ya chuma yenye uzito inayoteleza sakafuni), kutembea na vyuma mikononi. Kurukia boksi miguu ikitetemeka, hapana. Mwenye presha isiyodhibitiwa simpi kabisa, hata akibembeleza.

Yule wa mlangoni namfungulia daftari nimwonyeshe kilo zake tangu Januari. Anatikisa kichwa, haridhiki. Basi Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi anapumzika, nampa dakika zake nne za baiskeli. Anashuka akiwa ameshikilia ukuta, anatabasamu.

“Sasa hivi ndiyo tumefanya mazoezi,” ananiambia.

Zile kilo 5 hazikumbuki tena.