Kwa nini gari lenye sola juu ya paa hubeba tena betri ndogo?

Njia ya pwani inayotoka Bagamoyo, ikapita Saadani na Pangani hadi Tanga mjini, ina wasafiri wake: pikapu na Land Cruiser zilizojengewa chumba cha kulala nyuma, friji ndani, paneli imelala bapa juu ya paa. Chini ya kitanda kuna betri kubwa. Halafu pembeni utakuta kibetri kingine cha kubeba mkononi, chenye matundu ya USB. Jua lote hili la Tanga, betri kubwa ipo, hiki nacho cha nini?

Wengi watakujibu ni akiba, umeme ukiisha. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo. Kibetri hiki hufanya kazi yake kubwa mchana, saa ambazo hakuna anayelalamikia umeme.

Chukua gari lenye paneli ya wati 200 na betri ya asidi ya volti 12, N100 kama wanavyoziita madukani. Ikiwa ni ya ampea-saa 100, kwenye karatasi ina wati-saa 1,200, ila betri ya asidi haitaki kushushwa chini ya nusu. Ukizoea kuimaliza, inakufa mapema. Zinabaki 600 hivi za kutumia. Usiku friji inakula zake, asubuhi paneli inaanza kurudisha. Na huku kwetu inarudisha upesi: Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, hata mwezi Juni jua la saa sita mchana linakuwa juu ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Ndiyo maana paneli iliyolala bapa haipotezi kikubwa.

Shida inaanza betri ikifika kama asilimia 80. Kuanzia hapo betri ya asidi hunywa kidogo kidogo. Kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, inashikilia volti 14.4 hivi, na ukitazama kioo chake utaona ampea zikishuka: 10, 7, 4, mwisho 1. Jua halijapungua. Paneli inaweza kutoa zaidi ila hakuna wa kupokea, na nguvu ile inaishia kuwa joto kwenye paneli yenyewe. Ni kama simtanki lililojaa na mvua bado inanyesha: maji yanamwagika mpaka mtu akinge ndoo. Kibetri ndicho ndoo.

Cha wati-saa 300, kikichomekwa kwenye tundu la volti 12, huvuta wati 60 hadi 100. Kichomeke saa tano. Ikifika saa tisa kimejaa au kinakaribia. Usiku feni ya wati 15 ikizunguka saa nane imekula 120, na simu mbili na taa vinatoshea kwenye kilichobaki. Aliyelala ndani ya chumba cha bati Tanga mwezi Januari ataelewa kwa nini nimeanza na feni.

Nimesema tundu la volti 12, si invata. Invata inapandisha umeme hadi volti 230, kisha chaja inaushusha tena, na kila hatua inakata ushuru wake. Na jua likianza kulala, chomoa. Ukikiacha hadi usiku kinanyonya kutoka betri kubwa, na hapo hujaongeza kitu, umehamisha tu huku ukipoteza.

Kuna fundi atakayekwambia uziunge moja kwa moja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Mkatalie. Kibetri cha lithiamu fosfati kilichojaa hutulia kwenye volti 13.3 hivi, betri kubwa ya asidi 12.7; moja itaisukuma nyingine bila mwenye kuizuia, na kama hakuna fyuzi, nyaya ndizo zitakazochemka. Zikiwa mbalimbali kuna faida nyingine: friji ikiimaliza kubwa na kontrola ikakata, taa na simu bado vina pa kushika.

Joto ndilo linaloleta ubishi. Paneli inataka jua, betri inataka kivuli. Ukiegesha chini ya mwembe unalala pazuri, lakini kivuli cha tawi moja juu ya paneli kinaweza kuangusha umeme kwa kiasi kikubwa. Ukiegesha juani na kufunga madirisha, ndani panavuka nyuzi joto 50, na betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zaidi ya 45. Mimi ningechagua jua, madirisha wazi, kibetri sakafuni.

Masika hesabu yote hii inavunjika. Mawingu ya Aprili hayamwagi ziada yoyote, kubwa yenyewe haijai. Hapo kibetri kichajiwe gari likitembea, dainamo inapofanya kazi: mwendo wa saa moja na nusu barabarani unatosha taa na simu za usiku huo, feni kwa nusu usiku, ukikumbuka kuchomoa kabla hujazima injini.